Maisha baada ya Kifafa Kisichokoma: Hali ya Kiberege, Bonde la Kilombero

Kwa mujibu wa ufafanuzi wa kimataifa wa mwaka 2015, degedege la kifafa lipitalo dakika 5 ni dharura. Likipita dakika 30, ubongo huweza kupata madhara ya kudumu. Hata hivyo, kuruhusiwa kutoka chumba cha wagonjwa mahututi si uthibitisho wa kupona. Ushahidi wa karibu na Kiberege unatoka Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, ambako Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Wagonjwa 164 walifuatiliwa kwa miaka 30. Wengi walipata nafuu kwa fenobabitali, dawa ya bei ndogo. Lakini zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na kifafa chenyewe: degedege lisilokoma, kuungua, kuzama majini. Kwa mkulima wa mpunga, moto wa mafiga na maji ya majaruba ni mambo ya kila siku. Hojaji ya ubora wa maisha iliyotungwa Marekani, inayouliza kuhusu kuendesha gari, haimgusi. Lililo muhimu kuulizwa kwanza ni iwapo dawa hupatikana kila mwezi, kwani kuikatiza ghafla huweza kurudisha degedege lilelile lililomlaza mahututi.