Picha ya Unyayo ni Picha ya Kivuli

Wengi wanaopiga picha za nyayo ufukweni huilaumu simu pale picha inapotoka bapa. Unyayo uliokuwa dhahiri mbele ya macho, vidole vitano na kisigino, ukifika kwenye kioo cha simu umekuwa doa la mchanga juu ya mchanga. Simu haina kosa hapo. Unyayo hauna rangi yake. Ni shimo dogo, na mchanga wa ndani ya shimo ni uleule wa nje. Macho mawili hulitambua shimo kwa sababu kila jicho huliona kwa pembe yake, na kichwa kikisogea kidogo tu kina chake hujidhihirisha. Lenzi moja haina msaada huo. Kinachobaki cha kulieleza shimo ni tofauti ya mwanga na giza: ukuta unaolielekea jua hung'aa, unaolipa mgongo huingia kivulini. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayepiga picha ya unyayo kwa kweli anapiga picha ya kivuli, na mambo yanayoamua ubora wake, yaani saa, upande wa jua na unyevu wa mchanga, yamekwisha kuamuliwa kabla simu haijatoka mfukoni.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua unyayo wenye kina cha sentimita 2. Jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, ukingo wa unyayo hutupa kivuli cha sentimita 1.2 hivi, kiasi ambacho mwangaza wa mchanga mweupe hukifuta kwa urahisi. Likiwa nyuzi 15, kivuli hurefuka hadi sentimita 7 na nusu. Likishuka hadi nyuzi 5, kingefika sentimita 23, kuzidi upana wa mguu wowote, na shimo lote likajaa giza. Kwa hiyo jua la chini linafaa, ila lisiwe chini mno. Kwa unyayo wa mtu mzima, kati ya nyuzi 15 na 25 ndipo kivuli huchora ukingo bila kumeza vidole. Tatizo ni kwamba pwani ya Afrika Mashariki iko karibu na ikweta, na huku jua hupanda nyuzi 14 au 15 kila saa. Nafasi yote ni dakika 40 na ushei, ikianza kama saa nzima baada ya macheo, na nyingine ya kiasi hichohicho kabla ya machweo. Anayefika ufukweni saa nne asubuhi akiwa na kamera ya bei mbaya amechelewa kuliko mwenye simu ya kawaida aliyefika saa moja.

Mvuvi angeongeza jambo ambalo vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa mbali na bahari hulisahau: maji nayo yana ratiba yake. Zanzibar na Mombasa, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na hupwa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kina yaweza kukaribia mita 4. Maana yake ni kwamba saa moja asubuhi maji yako njiani kurudi, yameacha nyuma yake mkanda wa mchanga uliooshwa, wenye unyevu, usio na alama ya mtu, na katika fukwe zinazoelekea mashariki jua linatokea baharini likiwa bado chini. Siku za maji mafu ratiba hugeuka. Maji hupwa jioni, na katika fukwe hizohizo jua la jioni hupita kwanza kwenye minazi na majengo, likafika mchangani limekatwakatwa. Kendwa, inayotazama magharibi, hali ni kinyume chake. Kalenda ya mwezi, basi, humfaa mpiga picha kuliko lenzi mpya.

Unyevu nao una sababu zake. Katika mchanga wenye maji kidogo, vijidaraja vya maji kati ya chembe na chembe huzivuta zishikamane, na ukuta wa unyayo husimama wima. Mchanga mkavu hauna kinachoushika. Huporomoka hadi mteremko wake ufikie nyuzi thelathini na kitu, na vidole vyote hupotea ndani ya bakuli moja lisilo na umbo. Mchanga uliolowa chepechepe nao hujifunika wenyewe mguu unapoondoka. Kati ya hali hizi mbili kuna jambo ambalo kila aliyetembea ufukweni ameliona, hata kama hakulitilia maanani: ukikanyaga mchanga mbichi uliopigwapigwa na mawimbi, eneo linalozunguka mguu hupauka ghafla kana kwamba limekauka. Mwaka 1885 Osborne Reynolds, mtaalamu wa fizikia wa Uingereza, alieleza kwa nini. Chembe zilizokuwa zimebanana husukumwa na uzito wa mguu, zikaachana kidogo, nafasi kati yake zikapanuka, na maji ya juu yakanywewa chini kuzijaza. Kwa mpiga picha hilo lina faida, kwani mchanga unaopauka namna hiyo ndio uliobanana vizuri, na ndio unaohifadhi hata mistari ya soli.

Hata jua likiwa pazuri, picha inaweza kumdanganya mtazamaji. Ubongo huchukulia kwamba mwanga hutoka juu. Ikiwa katika picha mwanga unatokea chini ya fremu, shimo huonekana kama kichuguu na unyayo huonekana umevimba kutoka mchangani. Dawa yake ni kulielekea jua, ili upande wake uwe juu ya fremu. Kivuli cha mpigaji nacho huanguka nyuma yake, nje ya picha, na kiganja kinatosha kuikinga lenzi. Picha ya unyayo iliyo maarufu kuliko zote, ile ya kiatu cha Buzz Aldrin mwezini Julai 1969, ilipigwa jua likiwa chini vivyo hivyo. Haikukusudiwa kuwa kumbukumbu ya kishujaa. Aldrin aliupiga picha udongo kabla ya kuukanyaga na akaupiga tena baada ya kuukanyaga, ili wataalamu wapime jinsi unavyobeba uzito.

Atasema mtu kwamba simu za leo hurekebisha yote haya kwa programu. Hurekebisha baadhi. Simu hudhani mandhari yoyote ina mwangaza wa wastani, na ndiyo sababu mchanga mweupe wa Paje, uliotokana na matumbawe na magamba, hutoka wa kijivu. Kuongeza mwangaza kwa kidole huondoa kasoro hiyo. Lakini programu hukoleza kivuli kilichopo. Pasipokuwa na kivuli, haina cha kukoleza, na ikibuni, hiyo haitakuwa tena picha ya unyayo ule.

Pingamizi zito zaidi latoka kwa wataalamu wa vipimo. Mwezi Mei 2013, huko Happisburgh, pwani ya mashariki ya Uingereza, mawimbi yalifunua nyayo katika tope la kale lililogandamana, zenye umri wa miaka kati ya 850,000 na 950,000, za kale kuliko zote zilizojulikana nje ya Afrika. Muda mfupi baadaye bahari ilizifuta. Kilichosalia ni fotogrametri: picha nyingi zinazopishana, kompyuta ikazikokotoa kuwa umbo lenye kina, na humo vikapimwa visigino na nyayo za watu wazima na watoto. Kazi hiyo haihitaji kivuli. Kivuli kikali kinachohama huivuruga, na anga la mawingu huifaa. Nakubali, na hapo hoja yangu inapata mpaka wake: inahusu picha ya kutazamwa, wakati ile ya kupimwa ina masharti yake, na mengine ni ya hila. Wapelelezi huweka rula kwenye kiwango cha chini ya unyayo, maana ikilazwa juu ya mchanga, kamera ikiwa mita moja juu, kina cha sentimita 2 huleta kosa la asilimia 2, yaani milimita 5 kwenye mguu wa sentimita 25, sehemu kubwa ya tofauti kati ya kiatu namba 41 na 42.

Walinzi wa viota vya kasa, Watamu hadi Mafia, wanahitaji picha zote mbili. Kasa wa kijani husukuma mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja na kuacha alama zinazolingana pande zote. Ng'amba hupishanisha, na alama zake hupishana. Kuwatofautisha yatosha picha moja ya asubuhi yenye kivuli kizuri, ilimradi ipigwe kabla ya watalii kuamka. Kujua upana wa njia kunataka rula na picha ya wima kutoka juu, hata kama haitapendeza kuitazama.