Bunduki ya Kumkabili Nyati

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti Walter Bell aliwinda tembo huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, hata akabandikwa jina la "Karamojo" Bell. Maishani mwake aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ambayo wengine waliiona inafaa swala tu: Mauser ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 hivi.

Alifanikiwaje? Bell alilipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi hasa, kisha akajizoeza kuulenga kutoka kila upande. Risasi zake nazo zilikuwa ngumu: ndefu, nyembamba, zimevikwa gamba la chuma, hazibondeki zinapokutana na mfupa.

Wapo wanaomtaja Bell kuthibitisha kwamba ukubwa wa bunduki si hoja. Hilo ni kosa la hatari. Yeye aliwinda kama kazi na shabaha yake ilikuwa ya nadra. Mgeni wa siku chache porini hana uzoefu huo.

Nchini Uganda uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1979, ukarejeshwa kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Husimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori, yenye makao makuu Kamwokya, jijini Kampala. Nyati ni miongoni mwa wanyama wanaotafutwa sana, na kwa mnyama huyo wawindaji wengi huanzia kaliba ya .375.

Kaliba ni kipenyo cha risasi; .375 ni sehemu ya inchi, sawa na milimita 9.5. Risasi za .375 Holland & Holland, zilizotoka London mwaka 1912, kwa kawaida huwa na gramu 19. Zipo kubwa kuliko hizo: .416 Rigby ya mwaka 1911, na .458 Winchester ya mwaka 1956, yenye risasi ya gramu 32.

Lakini kadiri kaliba inavyopanda, ndivyo bunduki inavyopiga teke begani. Anayeliogopa teke hilo hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa. Risasi humpata nyati tumboni, naye hukimbilia kichakani akiwa hai na amekasirika. Bunduki ya .375 anayoimudu mtu ina faida kuliko .458 inayomtia hofu.

Aina ya risasi nayo ina uzito wake. Risasi laini hutanuka ndani ya mwili na kuacha jeraha pana. Risasi ngumu hupenya mbali bila kutanuka. Kwa tembo na kiboko, wenye mafuvu mazito, hutumika ngumu. Kwa nyati, wengi hutanguliza laini iliyoundwa imara, kisha ngumu hufuata. Nyati akiwa kundini, ngumu inaweza kumtoboa na kumjeruhi wa nyuma yake, hivyo mwindaji husubiri atengane na wenzake.

Nyati akisimama ubavu, jicho la mwindaji hufuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi ya kwanza ya kimo cha kiwiliwili. Hapo ndipo ulipo moyo, na mapafu yako juu yake kidogo.

Kiongozi wa msafara mara nyingi hubeba .458 au .470, kwa kuwa kazi yake ni nyingine: kumsimamisha nyati aliyejeruhiwa anayemjia mbio kutoka hatua chache.