Palitana: Nani hulipia miezi minne ya mvua?

Biashara ya Palitana imesimama juu ya makatazo. Mlima Shatrunjaya, kusini-magharibi mwa Bhavnagar katika jimbo la Gujarat, una mamia ya mahekalu ya Wajaini kileleni na ngazi za mawe zaidi ya 3,000 za kuyafikia, na gari halipandi huko. Hakuna anayeruhusiwa kulala juu, hata makuhani. Jua likielekea kuzama kila mtu ashuke. Ndiyo maana nyumba za wageni zote zimejazana mjini, chini ya mlima. Kula njiani ni mwiko, isipokuwa mtindi unaouzwa kileleni, nao wenye msimamo mkali hawautaki. Na kwa kuwa bibi wa miaka themanini naye anatamani kusimama mbele ya sanamu ya Adinath, mwalimu mkuu wa kwanza wa Wajaini, kabla hajafa, ipo kazi ya machela, au doli kama Wagujarati wanavyoiita: kiti kilichofungwa kwenye mianzi, kikabebwa na watu wawili, au wanne abiria akiwa mzito. Familia za Wajaini wa Mombasa na Nairobi, ambazo asili yao ni Gujarat hiyohiyo, zinaijua kazi hii vizuri, kwa sababu wazee wao wamebebwa hivyo. Hoja yangu ni kwamba katika mnyororo mzima wa biashara hii, anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote ndiye asiye na akiba, na kwamba kasoro hiyo haitokani na uhaba wa fedha.

Lalamiko la mchukuzi mmoja, ambaye hatutamtaja, lastahili kusikilizwa hadi mwisho, maana limebeba habari ya wengi. Anasema kazi huanza kabla ya alfajiri, mahujaji wakikimbia jua la Gujarat, na kwamba nusu ya kazi ni kusubiri tu. Nauli hupatanwa kwa uzito wa abiria na kwa msimu, lakini mapatano huanza upya kila asubuhi, na anayeshinda ni hujaji, kwa sababu yeye anaweza kuahirisha safari hadi kesho ilhali mchukuzi hawezi kuahirisha chakula cha watoto. Bega huota sugu, magoti huisha mapema, na akifika umri ambao hujaji wa umri wake hubebwa, yeye bado anabeba. Linalomuuma zaidi ni kufungwa kwa mlima. Kwa kipindi cha chaturmas, miezi minne ya mvua ambapo watawa wa Kijaini hukaa mahali pamoja ili wasikanyage wadudu na mimea inayochipua, Wajaini hawapandi Shatrunjaya, mpaka mwezi mpevu wa Kartik, kati ya Oktoba na Novemba. Mchukuzi huyo haipingi ibada hiyo, na hata yeye asiye Mjaini anaiheshimu. Anachouliza ni kwa nini huruma inayomfikia mdudu haifiki dukani, ambako anakopa unga na mafuta mpaka mlima ufunguliwe, kisha safari zake za kwanza za msimu zote zinakwenda kulipa deni.

Maofisa wa utalii hujibu lalamiko la namna hii kwa idadi. Hutaja laki kadhaa za mahujaji kwa mwaka, na wakishataja idadi huona kwamba hoja imekwisha. Mimi siioni imekwisha. Wajaini wana nadhiri maarufu ya kupanda mlima huu mara 99, na kwa desturi wengi hufikisha 108, katika muda wa miezi miwili hivi ya msimu wa baridi. Hesabu ikifanywa langoni, mtu mmoja wa namna hiyo huonekana kama watu mia. Tena hao wanaopanda mara nyingi hupanda kwa miguu, pekupeku, wengine wakiwa wamefunga. Kubebwa kungeondoa maana ya nadhiri yao. Kwa hiyo idadi kubwa langoni haimwambii mchukuzi lolote kuhusu kipato chake. Atakayetaka kuijua biashara ya machela na ahesabu machela yaliyopanda na siku ambazo hayakupanda. Idadi hiyo ndiyo nisiyosikia ikitajwa, na nashindwa kuamini kwamba ni kwa bahati mbaya.

Je, fedha hazipo? Zipo, tena nyingi. Heshima ya kuwa wa kwanza kuabudu mbele ya Adinath hunadiwa, na zabuni, ambazo zamani zilitajwa kwa vipimo vya samli, hufika viwango ambavyo mchukuzi hawezi kuviota. Lakini fedha itolewayo kwa ajili ya mungu, iitwayo devdravya, kwa Wajaini ni kama wakfu wenye masharti makali: hutengeneza sanamu na mahekalu, basi. Kuitumia kwa jambo jingine huhesabiwa dhambi. Siwezi kumlaumu Mjaini kwa kuheshimu sharti la wakfu wake. Mwislamu wa Lamu angefanya vilevile. Ila Wajaini wanao pia mfuko wa matumizi ya jumla na mfuko wa huruma kwa viumbe, ambao hulisha ng'ombe wazee na ndege wagonjwa. Katika mifuko hiyo mlango wa mchukuzi haujafungwa na dini. Kama haujafunguliwa, ni kwa uamuzi wa watu.

Wapo watakaosema kwamba miezi ya mvua ndiyo miezi ya kulima, na mchukuzi huenda shambani, basi hakuna hasara. Hoja hii ina ukweli kwa mwenye shamba. Lakini kupanda si kuvuna: pamba na karanga za msimu wa mvua huchukua miezi kabla hazijaleta fedha, na mchukuzi asiye na ardhi hulima shamba la mwingine kwa kibarua, mvua ikikubali. Wengine hutaka magari ya kebo yamalize shida yote. Girnar, mlima mwingine mtakatifu wa Gujarat wenye mahekalu ya Kijaini, umepata magari hayo tangu Oktoba 2020, ya mwendo wa zaidi ya kilomita mbili. Ni nafuu kwa wenye magoti mabovu, sikatai. Ila bibi aliyekuwa akikodi mabega manne sasa hukata tiketi, na tiketi haigawanywi kwa waliokuwa wakimbeba.

Historia nayo hainipi matumaini makubwa. Mwaka 1926 mtawala wa Palitana na Wajaini waligombana juu ya kodi ya mahujaji, na Wajaini wakasusia mlima kwa miaka miwili. Ilipofika 1928 walipatana: Wajaini wangelipa rupia 60,000 kila mwaka. Mtawala alipata haki yake na Wajaini wakapata mlima wao. Waliokaa miaka miwili bila abiria hawakuwa upande wowote wa mapatano hayo. Mwaka 2014, watawa wapatao 200 walipogoma kula, serikali ya jimbo ikapiga marufuku nyama mjini humo. Aliyefungiwa bucha alibeba gharama ya utakatifu wa mwenzake. Mara kwa mara mlima hulindwa, na bili humfikia asiyeulizwa.

Huenda msimu ujao ukawa mzuri. Barabara zimeboreka, na Wajaini walioko ughaibuni wana uwezo na bado wana hamu ya kuwaleta wazazi wao. Lakini barabara nzuri pia huwezesha kuja asubuhi na kuondoka jioni, jambo ambalo wenye nyumba za wageni hawalipendi, na vijana wa wachukuzi, nionavyo, hawatarithi mianzi ya baba zao wakipata kazi yoyote nyingine. Basi wewe unayempeleka mama yako Palitana kutoka Nairobi au Mombasa mwezi mpevu wa Kartik utakapofika, usimpunguzie mchukuzi nauli. Na ukishashuka, kabla ya kutia sadaka, uliza ni mfuko upi utakaowafikia wachukuzi mvua itakaporudi. Ukiambiwa haupo, omba uanzishwe, na uwe wa kwanza kuuchangia.