Bert Shankland: Bingwa wa Miaka Miwili

Ukisafiri kwa pikipiki kutoka Saza kwenda Mkwajuni siku ya mvua, unajua jinsi tope linavyoweza kumwangusha dereva. Tope la namna hiyo ndilo lililowapima madereva wa Safari Rally, mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, majira ya masika. Mshindi alikuwa yule mwenye alama chache za adhabu, hasa za kuchelewa vituoni.

Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, akisaidiwa na Chris Rothwell. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7 tu. Ushindi ulikwenda kwa Nick Nowicki, na Shankland hakushinda tena.

Je, tope humshindaje hata dereva hodari? Hupunguza msuguano kati ya tairi na barabara, hivyo gari huteleza hata likifungwa breki. Kumbuka pia: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huongezeka mara nne. Kwa hiyo, ukipanda bodaboda siku ya mvua, mwombe dereva apunguze mwendo mapema, kabla ya kona.