Maji ya Simiyu Hayakai Bariadi

Mto Simiyu hukusanya maji ya Bariadi, Maswa na Meatu. Kisha hupita Magu na kuingia Ziwa Victoria. Kule Jinja, Uganda, maji hutoka ziwani yakawa Mto Nile, yakaenda mpaka Misri. Uchafu tunaotia hapa una watu wengi wa kuupokea.

Ndiyo maana mwezi Novemba 2003 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mapatano ya kutunza Bonde la Ziwa Victoria. Bonde ni nchi yote ambayo maji yake ya mvua hutelemkia ziwa hilo. Shamba lako la pamba limo, hata kama ziwa hujaliona. Rwanda na Burundi nazo zimo, kwa Mto Kagera. Kamisheni ya bonde hilo ina makao yake Kisumu, Kenya.

Mapatano ni mazuri, lakini Kisumu ni mbali. Hakuna ofisa wa huko atakayekuja kumzuia mtu kuosha bomba la dawa ya pamba mtoni. Jambo hili nalichukia sana. Dawa inayoua wadudu hudhuru samaki, na mtu pia. Osha bomba shambani, na maji yake yamwage humohumo, mbali na kisima.

Tuangalie sasa kichocho. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya kichocho huanguliwa humo. Vijidudu huingia ndani ya konokono, wakaongezeka. Wakitoka hupenya ngozi ya mtoto anayeogelea, au mama anayefua. Si lazima mtu anywe maji hayo. Daktari Theodor Bilharz aligundua minyoo ya kichocho mjini Cairo mwaka 1851, kulekule Misri yanakofika maji ya Nile. Basi kila nyumba iwe na choo, na kitumike.

Ukingo nao usilimwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka mtoni. Humo kazi ya kuharibu mto imekatazwa. Majani hushika udongo. Wazee wetu Wasukuma walijua kutenga ngitili, kwa hiyo kuacha majani si jambo geni kwetu.

Anayeona damu kwenye mkojo asingoje. Aende zahanati apimwe. Kichocho kinatibika kwa vidonge, lakini aliyepona huambukizwa tena akirudi kuogelea katika maji yaleyale.