Uzio, Seng'enge na Kitalu cha Farasi

Mfasiri apewaye kitabu cha ufugaji wa farasi kutoka majimbo ya Washington na Oregon, huko Marekani, hukwama mapema. Upande wa magharibi wa milima ya Cascade mvua nyingi ya mwaka hunyesha baina ya Oktoba na Aprili, yaani wakati wa baridi. Akiandika "kipupwe", kama ilivyo desturi ya wengi, msomaji wa pwani atakumbuka baridi kavu ya Juni hadi Agosti, wala hataelewa tope limetoka wapi. Ni heri kusema "majira ya baridi na mvua", ingawa maneno ni mengi.

Katika majira hayo nyasi hazikui, na ardhi imekwisha shiba maji. Kwato za farasi huukandamiza udongo na kung'oa mizizi, malisho yakageuka matope. Kwa hiyo wafugaji hutenga sehemu ndogo iliyoinuka, huitandaza kokoto au vibanzi vya mbao, na farasi hukaa humo mpaka malisho yakauke. Kinyesi huzolewa kila siku, kwani farasi mmoja hutoa kama kilo 20 au zaidi kwa siku, na kikiachwa huzidisha tope na kutiririkia mitoni. Kwa Kiingereza sehemu hiyo hupewa jina lenye maana ya kafara: nyasi za hapo hupotea ili za kwingine zipone. Tukisema "kitalu cha kafara" msomaji ataanza kutafuta mbuzi. Napendekeza "kitalu cha kunusuru malisho". Jina lifuate kazi.

Hatari hasa imo katika jina la kizuizi chenyewe. "Ua" huleta picha ya makuti nyuma ya nyumba. "Zizi" ni mahali pa kulaza mifugo. "Boma" lina maana nyingi mno. "Uzio" linafaa. Lakini uzio wa nini? Aghalabu watu huandika "seng'enge" kwa kila uzio wa waya, na mfugaji asomaye hivyo atanunua waya wa miba. Farasi si ng'ombe: akishtuka hukimbia kwanza, na akinaswa mguu huvuta mpaka ngozi na mishipa ikatike. Katika kitalu kidogo chenye utelezi, ambamo mkubwa humsukuma mdogo pembeni, jambo hilo hutokea upesi. Hapana budi "seng'enge" libaki kwa waya wa miba peke yake, na vingine viitwe "uzio wa mbao", "uzio wa wavu" na "uzio wa umeme".

Kuhusu nguzo hapana taabu, ila mfasiri asisahau kwamba mti huoza kwanza pale unapotokeza ardhini, ndiyo maana hutiwa dawa.

Uzio wa umeme una neno lake gumu. Umeme hupita katika mwili wa mnyama, kisha ardhini, ukarudi kwenye mashine kwa fimbo ya chuma iliyochimbiwa. Udongo uliolowa huusaidia. Majani mabichi yanayougusa waya huupunguza nguvu. Fimbo hiyo mafundi wetu huihusisha na "ethi", na sioni sababu ya kuwanyang'anya neno lao: "fimbo ya ethi".