Mwisho Usiofungwa: Filamu za Makuzi na Suala la Suluhisho

Tunapohakiki kazi ya fasihi, hatukosi kuuliza swali moja: msanii ametoa suluhisho gani? Kazi ikiisha bila jibu, wengi wetu tunaandika harakaharaka kwamba msanii “ameshindwa kuonyesha njia”, tunapata alama zetu, basi. Katika makala haya ninakusudia kulipinga zoea hilo. Ushahidi wangu nitautoa katika filamu za Magharibi zinazohusu ujana na kukua. Sisemi zile za kauboi. Nasema zile za kijana anayetafuta njia ya kuwa mtu mzima.

Kwanza tuelewane juu ya utanzu wenyewe. Hadithi ya makuzi humfuata mhusika mmoja kutoka utotoni au ujanani hadi utu uzima. Wahakiki wengi huitaja riwaya ya Mjerumani Goethe, Wilhelm Meisters Lehrjahre (1795–1796), kuwa ndiyo kielelezo chake. Humo kijana anatangatanga, anakosea, anajifunza, na mwishowe anapata nafasi yake katika jamii. Tena inakuja kubainika kwamba kulikuwa na wakubwa waliokuwa wakimwangalia kimyakimya tangu zamani. Tulishike hilo la wakubwa, kwa sababu filamu nitakazozitaja zinaanzia pale ambapo wakubwa hao hawapo.

Hebu tuanze na Rebel Without a Cause (1955) ya Mmarekani Nicholas Ray. Jim Stark, aliyeigizwa na James Dean, amechokozwa na wenzake washindane kuendesha magari kuelekea ukingo wa jabali lililo juu ya bahari. Atakayeruka nje kwanza ndiye mwoga. Jim anamwendea baba yake na kumuuliza: mtu afanye nini heshima yake ikiwa hatarini? Mzee, aliyevaa aproni juu ya suti, anajibu kwamba jambo kama hilo halitaki pupa, afadhali waandike orodha ya mazuri na mabaya yake. Jim anaondoka zake. Usiku uleule mshindani wake, Buzz, anakufa: mkono wa jaketi umenasa mlangoni na gari linatumbukia naye.

Leo tuna haki ya kumlaumu Ray kwa kudhani kwamba mwanamume aliyevaa aproni amepungukiwa. Lakini tatizo alilolionyesha ni la kweli: baba yupo nyumbani, ila hana neno la kumpa mwanawe. Mwishoni Ray anatoa suluhisho. Rafiki wa Jim, Plato, anapigwa risasi na polisi, na hapohapo baba anaahidi kusimama na mwanawe. Wahakiki wa semina tungefurahi. Mimi naona hapo ndipo filamu inapolegea. Mzee aliyeshindwa filamu nzima anabadilika kwa dakika chache tu, baada ya vijana wawili kufa.

Sasa tuilinganishe na Les Quatre Cents Coups (1959) ya Mfaransa François Truffaut. Jina lisitupoteze: neno kwa neno ni “mapigo 400”, lakini kwa Wafaransa huo ni msemo wa mtu aliyefanya kila aina ya utundu. Antoine Doinel, aliyeigizwa na Jean-Pierre Léaud, ni mvulana wa Paris. Tuuangalie msuko. Anampenda mwandishi Balzac hadi anaiwashia picha yake mshumaa. Nusura nyumba iungue. Anaandika insha kwa kumfuata Balzac huyohuyo. Mwalimu anamwita mwizi wa maandishi. Anaiba taipureta ofisini kwa baba yake wa kambo, lakini anakamatwa akiwa anairudisha! Baba huyo ndiye anayempeleka polisi, na kutoka hapo Antoine anapelekwa kwenye kituo cha watoto watukutu.

Siku moja, katikati ya mchezo wa mpira, anapenya chini ya uzio na kukimbia. Kamera inakimbia naye muda mrefu hadi baharini, mahali ambapo hajawahi kufika. Anatia miguu majini, anageuka, anatutazama sisi watazamaji, na picha inaganda. Kwisha.

Kwa kipimo chetu, Truffaut amefeli. Lakini suluhisho lingetoka kwa nani? Mama, baba, mwalimu, polisi, wote tumekwisha kuwaona na hakuna aliyemsikiliza. Nyuma kuna kituo, mbele kuna maji. Waliobaki ni sisi tu, ndiyo maana anatutazama. Truffaut mwenyewe alipata kufungiwa katika kituo cha vijana, na mhakiki André Bazin alikuwa mtu mzima aliyemshika mkono. Filamu hii ameitabaruku kwa Bazin, lakini Antoine hakumpa Bazin wake.

Mtu atasema: basi angempa tu! Jibu liko katika Kes (1969) ya Mwingereza Ken Loach. Billy Casper, mtoto wa maskini katika mji wa migodi wa Barnsley, anamfuga kipanga. Mwalimu mmoja, Farthing, anamtaka aeleze darasani jinsi anavyomfunza ndege huyo. Mtoto aliyedhaniwa mjinga anazungumza kama bingwa. Kwa hiyo msikilizaji yupo. Hata hivyo kaka yake anamuua kipanga kwa hasira ya pesa za kamari, na filamu inaisha Billy akimzika ndege wake. Mwalimu mwema hawezi peke yake kuondoa umaskini, na Loach amekataa kutudanganya.

Sisemi kwamba kila mwisho unaoning’inia ni ustadi. Wapo wasanii waliochoka tu. Kipimo ninachopendekeza ni hiki: je, kazi imetuonyesha kila mlango ulivyofungwa kabla ya kunyamaza? Kama imefanya hivyo, ukimya wake ni sehemu ya maudhui, nasi tuuhakiki hivyo badala ya kuukatia alama. Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, nawaachia uwanja.